Anko ametuweka wote kwenye akaunti moja, sasa anataka nimfute Baba

Admin, ficha jina langu, na shule yangu usiitaje hata kwa mafumbo, maana hapa Kansanga wanaofuata ukurasa huu ni wengi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko likizo. Mama ni Mkenya. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini mwa nchi hii, alifariki mwaka juzi. Mimi si mtu wa kuongea. Wageni wakija nasalimia, naleta chai, napotea. Kuandika ndiko ninakoweza, kwa hiyo mnivumilie.

Tatizo langu ni Anko, kaka yake Mama. Anauza kava na chaja za simu Kawempe, na kwa sababu hiyo anajiita mtaalamu wa teknolojia. Ni kama muuza sufuria kujiita mpishi. Baba alipofariki, Mama aliogopa simu isije ikaibwa na picha za Baba zikapotea, akamwomba Anko atutafutie mahali pa kuzihifadhi mtandaoni. Kulikuwa na mpango wa familia: mnalipia pamoja, lakini kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Nilimwonyesha. Hata skrini hakuitazama.

"Wewe mtoto, vyumba vya nini? Sisi familia moja, tunakula sahani moja!"

Akafungua akaunti moja, akaiingiza kwenye simu yake, ya Mama na yangu. Nywila ni jina la mchumba wake. Mtaalamu!

Sahani moja, sawa. Lakini hata wanaokula sahani moja hunawa mikono kwanza. Tangu siku hiyo picha zangu ziko kwa Anko na zake ziko kwangu: Anko na miwani ya jua ndani ya nyumba, Anko ameegemea gari la mtu, Anko ananyanyua vyuma huku tumbo likimtangulia. Nimeziona zote. Sikuomba.

Wiki iliyopita marafiki zake walikuja kupanga kwanjula, siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa huyo mchumba. Anko akaunganisha simu na TV awaonyeshe picha za magomesi aliyonunua, yale magauni ya sherehe ya wanawake. TV ikaanza kupitisha kila kilichomo. Mara nikajiona jikoni, mwiko mkononi, macho nimefumba, naimba. Baba ndiye aliyenirekodi. Haonekani, anasikika tu, na Kiswahili chake cha kipolisi: "Imba, mama. Hakuna mutu hapa. Usiogope, ni mimi tu."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Bambi, maskini, kama kuku wa Krismasi!" akasema mmoja. Anko naye: "Banange, kumbe bubu wetu ni msanii! Bendi ya nini tena?"

Nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile sauti ni ya nani.

Sasa nafasi kwenye akaunti imejaa. Kwanjula ni Jumamosi na Anko amekodi mpiga video mwenye drone. Hela ya drone ipo, ya kuongeza nafasi haipo. Jana mezani akatangaza: "Futeni takataka zenu. Hasa wewe, na video zako za jikoni."

Nikajikaza. "Anko, nikifuta kwenye simu, inafutika kote."

"Nani kakwambia? Iko kwenye wingu! Vitu vya juu havifutiki."

Mwanaume mzima anadhani video zimeenda mbinguni.

Leo asubuhi nimekuta ameshaanza kufuta mwenyewe. Nikaitoa video ya Baba kwenye pipa la takataka, nikairudisha. Mchana akaifuta tena. Nikairudisha tena. Pipa hilo nalo lina siku zake za kutunza vitu, na siku akijua kulimwaga, basi. Nikamwambia Mama. "Mwanangu, ndiye aliyesimama na sisi msibani. Baada ya kwanjula tutaongea." Baada ya kwanjula Baba atakuwa wapi?

Nimetafuta mpango wangu mwenyewe. Ule mdogo unatosha picha, lakini video za Baba ni nzito. Unaofuata unazibeba zote, unalipwa kila mwezi kwa simu, na kwa kusuka nywele za wasichana wa chuo pale Kyambogo nitaumudu. Ila Mama hawezi kuhama bila ruhusa ya kaka yake, na video za harusi yake na Baba zimo humo humo, zinasubiri kufutwa zipishe za drone.

Kuna kitu kimoja mtaalamu wetu hajui. Siku ya kufungua akaunti simu yake haikuwa na chaji, yeye muuza chaja, akaweka namba yangu ya simu ipokee kodi, zile tarakimu za kuthibitisha mwenye akaunti. Ninaweza kubadilisha nywila hata sasa hivi.

Nishaurini, ndugu zangu. Nichukue video zangu niondoke kimya kimya kama kawaida yangu? Au nibadilishe nywila, nifunge mlango, na Jumamosi asubuhi kabla ya safari, akaunti ikigoma na wote wakihangaika sebuleni wakiuliza ni nani amefanya hivi, bubu atoke jikoni aseme: "Usiogope, Anko. Ni mimi tu"?