Siku Mama Alipovaa Bordo

Kitambaa kipya kikipigwa pasi ya makaa kabla hakijakauka, hutoa harufu yake ya pekee. Kuna chuma ndani yake, kuna moshi kidogo, na kuna ile rangi yenyewe, chungu, kama maganda ya mti yaliyolowekwa. Juzi nilikuwa nimekaa kwa fundi hapa mjini Baraka, nangoja sketi yangu, na wasichana waliokuwa wakijiandaa kumsindikiza bibi arusi walikuwa wakijitazama kwa zamu kwenye kioo chenye ufa. Magauni yao yote yalikuwa ya bordo. Siku hizi bordo ndiyo rangi. Arusini bordo, ubatizoni bordo, hata vijana wa kiume wanatembea na suruali za bordo na viatu vyenye ncha. Fundi akachovya vidole kwenye kikombe, akanyunyiza maji, akashusha pasi. Mvuke ukapanda mpaka puani mwangu, nikamkumbuka mama yangu jinsi alivyokuwa mwaka ule baba alipotuacha.

Labda wewe unayesoma unaiita rangi hiyo kwa jina lingine. Sisi tunasema bordo, tukimaanisha ile nyekundu iliyokomaa mpaka ikakaribia weusi: rangi ya ini, rangi ya maharagi makubwa yakishachemka, rangi ya kidonda kinachoanza kupona.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akileta mihogo na mahindi kutoka vijijini, na kila aliporudi alipiga honi mara moja tu kwenye kona ya kwetu ili mama aweke maji ya kuoga motoni. Kisha aliugua, akalazwa hospitali ya Nundu, na hakurudi. Tulimzika kijijini kwao Lubondja, kwenye shamba la familia, na tangu siku hiyo mama akavaa nyeusi. Gauni nyeusi, kilemba cheusi, hata kamba ya kumfungia Heri mdogo wangu mgongoni ilikuwa nyeusi. Alikuwa akiuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na jua la ufukweni likaila ile nguo polepole, mpaka mabegani ikawa rangi ya majivu. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba ndivyo mama alivyozaliwa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Shangazi, dada yake baba, alishuka kutoka Lubondja kutuletea habari. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka shamba moja hadi jingine. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai yake yote, kisha akasema kwamba siku ya kumaliza kilio imepangwa.

"Usijisumbue juu ya nguo, Mama Mauwa," alimwambia mama. Mauwa ni mimi. "Baba Mudogo amesha tafuta kikwembe, na ni kizuri. Ni yeye atakuvalisha."

Baba Mudogo ni mdogo wake baba. Nilifurahi sana. Nilimpenda Baba Mudogo kwa sababu alikuwa mpole na alikuwa akitupa miwa, na niliona ni wema mkubwa mtu kumtafutia shemeji yake kikwembe, yaani kitenge. Nilishangaa tu kwamba Shangazi alipoondoka, mama aliviosha vikombe, akavipanga, kisha akavishusha akaviosha tena.

Kesho yake alinichukua tukaenda kwa Mama Feza, rafiki yake aliyeshona nguo kwenye baraza ya nyumba yake, karibu na soko. Mama Feza alikuwa mnene na mchangamfu, na alikuwa akizungumza huku ameshika pini mdomoni, kwa hiyo maneno yake yalitoka membamba. Mama alimwambia anataka gauni.

"Ya kumaliza kilio? Si bakwe zako ndio banatafutaka?"

"Mi naitafuta mwenyewe."

Mama Feza aliziondoa pini mdomoni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla ya kumaliza kazi. "Ya rangi gani?"

Mama aliwaza. "Nyeusi imenichosha," akasema. "Nyekundu, batasema ninafurahi. Nyeupe, mi sijafika kule. Nitafutie ya katikati."

"Ya katikati ni bordo," akasema Mama Feza, akaingia ndani kuleta kitambaa.

Aliporudi nilimuuliza bordo ni nini. Akanieleza kwamba ni mji wa Ulaya, kwenye nchi ya Wafaransa, ambako watu wanakamua zabibu na kutengeneza divai, na kwamba wazungu waliipa rangi ya divai yao jina la mji wao, kisha jina likasafiri na vitambaa mpaka kwetu. Mimi divai nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu, kwenye kikombe cha padri. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nguo ya mama imechovywa kwenye divai ya misa, na niliogopa kidogo kwa ajili yake. Ilipokuwa tayari, Mama Feza aliipiga pasi mbele yetu, na ile harufu ikaniingia kichwani ikakaa.

Asubuhi ya safari mama alivaa bordo kwanza. Mimi ndiye niliyefunga vifungo vya mgongoni, na vidole vyangu vilikuwa vikiteleza kwa sababu alikuwa anatetemeka. Kisha, juu ya ile nguo mpya, akavaa gauni yake nyeusi ya siku zote. Nilimuuliza kama hataona joto. Akasema, "Barabarani kuko baridi."

Hakukuwa na baridi. Kulikuwa na mvua. Ilitukuta kwenye pikipiki tukiwa tumeshapita nusu ya njia, Heri mgongoni kwa mama, mimi katikati, motari, dereva wa pikipiki, mbele ameinama juu ya usukani. Hakukuwa na mahali pa kujificha, basi tukalowa kama samaki. Tulipofika kwenye matope, motari akatuambia tushuke tutembee, na alipogeuka kutuangalia akaona maji mekundu yanatiririka kutoka chini ya gauni nyeusi, yanashuka kwenye miguu ya mama hadi kwenye ndala.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "munatoka damu."

"Si damu," mama akamjibu. "Ni bordo."

Motari hakuelewa, akaanza kuisukuma pikipiki yake. Mimi nilitazama gauni langu jeupe la kanisani, ubavuni, pale nilipokuwa nimemwegemea. Lilikuwa na doa kubwa jekundu. Nilianza kulia, na mama, ambaye kwa mwaka mzima sikumsikia akicheka, akacheka kidogo, akanifuta uso kwa mkono ambao wenyewe ulikuwa umeshika rangi.

Lubondja walikuwa wametungoja. Chini ya turubai kulikuwa na viti, katekista alikuwa ameshafika, na masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na ya nyama yalikuwa motoni. Baba Mudogo alisimama mlangoni na shati lake jipya, akanyoosha mkono kumpokea mama bila kumtazama usoni. Wanawake wakamwingiza mama ndani ili wamvue nguo za kilio, wamuoshe, na wamvalishe. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu ni binti mkubwa. Nilipewa sabuni nishike.

Chumbani alikuwamo Shangazi, alikuwamo Mama Mudogo, yaani mke wa Baba Mudogo, na alikuwamo Koko. Koko ni mama yake baba. Alikuwa mdogo wa mwili, amekaa kwenye kigoda, na jicho lake moja lilikuwa limeanza kufunikwa na utando mweupe. Juu ya kitanda kulikuwa na kile kikwembe: cha manjano na kijani, chenye ndege wakubwa wenye mikia mirefu. Niliwapenda sana wale ndege.

Shangazi akafungua vifungo vya gauni nyeusi, akaishusha. Mikono yake ilibaki hewani.

"Ni nani amekuvalisha?" akauliza.

Mama akakamua pindo la nguo yake.

"Mama Mauwa, ninakuuliza. Ni nani amekuvalisha?"

Niliona ni swali la ajabu, na nilitaka kumsaidia Shangazi. Nilitaka kumwambia kwamba mama alijivalisha, na kwamba vifungo nilifunga mimi. Lakini mama alisema mwenyewe.

"Ni mi mwenyewe."

"Mujane hajivalishe. Banamuvalisha." Sauti ya Shangazi haikupanda, ilishuka. "Na hii rangi, ni rangi ya damu. Kaka yangu iko ndani ya udongo, na we unakuja kwetu na rangi ya damu."

Mama alisimama katikati ya chumba, maji yakidondoka, shingo na mikono yake myekundu kwa sababu nguo ilikuwa imemwachia rangi kila mahali. Hakuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikimlaumu Mama Feza moyoni. Kama angetupa bluu, niliwaza, haya yote yasingetokea.

Ndipo Koko akasema, "Kuja hapa."

Mama akasogea, akapiga magoti mbele ya kigoda. Koko akapitisha kidole gumba kwenye shingo ya mama, akakitazama kile kidole kwa karibu, kwa jicho lake zima, akakisugua na kingine kama mtu anayejaribu unga.

"Zamani tulikuwa tunajipaka hii," akasema. "Ilikuwa unga ya muti, tunasaga, tunachanganya na mafuta. Muke akitoka kwa kuzaa, ao kwa kilio, banamupaka nyekundu mwili muzima, batu bajue ameisha kurudi." Akajifuta kile kidole kwenye nguo. "Kisha manguo zikakuja, tukaacha."

Koko akanyoosha mkono kwa Mama Mudogo, akaomba kikwembe. Akapewa. Akajiinua kutoka kigodani, magoti yake yakalia, akakikunjua kile kikwembe cha ndege na kujifunga juu ya kile alichokuwa amevaa. Kilikuwa kirefu kwake, kikaburuta chini.

"Mutoto wangu ametafuta kikwembe kizuri," akasema. "Mi mama yake, nitavaa."

Shangazi aligeukia dirisha. Mama Mudogo, ambaye tangu tuingie hakuwa ametoa sauti, akapiga vigelegele, virefu, vya nguvu, mpaka mimi nikadondosha sabuni. Nilidhani na yeye amewapenda wale ndege.

Tulipotoka nje, watu wote walitazama. Mama alikuwa na bordo yake iliyolowa, na Koko mbele yake anaburuta mikia ya ndege kwenye udongo. Baba Mudogo alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Kisha akakikokota kile kiti cha heshima alichokuwa amewekewa yeye, kiti chenye mto, akampa Koko.

"Inakufaa, mama," akasema.

Katekista akaomba, tukala. Shangazi hakula nasi. Hakufika tena kwetu Baraka mpaka nilipokuwa nimemaliza shule, na hata alipofika alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mgeni. Sisi tulirudi nyumbani siku ile ile mvua ilipokatika. Mama aliendelea na ndagala zake, akatusomesha, na ile gauni akaivaa kila Jumapili mpaka ikawa rangi ya waridi, akaikata akatushonea mito. Bwana mwingine hakuwahi kutaka, au kama alimtaka mtu, hakutuambia.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho cha nguo iliyochuja rangi. Nilijua kwamba Shangazi alichukia bordo na Koko aliipenda, basi. Nilishaolewa, nina mtoto wangu, nilipoenda kumsalimia Mama Mudogo, tukawa tunachambua maharagi pamoja. Nikamtania kuhusu vigelegele vyake vya siku ile. Hakucheka.

"We ulikuwa mutoto," akaniambia. "Mama yako angevaa kile kikwembe, angelala hapa. Angekuwa muke mwenzangu, na nyinyi batoto ba hapa. Kuvalishwa, ni kuolewa."

Nikaweka chini ungo wangu. Yeye akaendelea kuchambua, na akaniambia lile ambalo hakuna mtu wa upande wa baba aliyewahi kunieleza. Koko alikuwa mjane akiwa bado msichana, baba yangu mgongoni, hajaanza kutembea. Siku ya kumaliza kilio, mdogo wa marehemu mumewe alimvalisha. Kwa yule bwana wa pili ndiko walikozaliwa Shangazi na Baba Mudogo.

Tangu hapo nimemfikiria Shangazi kwa namna nyingine. Yeye alikuwa tunda la desturi ile, na mama yangu alipoikataa mbele yake, lazima Shangazi alisikia mtu anamwambia kwamba hakupaswa kuwapo. Namfikiria zaidi Koko. Pengine aliipenda ndoa yake ya pili, pengine aliivumilia. Alikufa bila kusema, na sina haki ya kumsemea. Lakini najua alikuwa kwenye kigoda kile kati ya mkwe aliyekuwa akitetemeka na watoto wawili aliowazaa kwa njia ile ile ambayo mkwe alikuwa akiikimbia. Angesema desturi ni nzuri, angempoteza mmoja. Angesema ni mbaya, angewajeruhi wale wengine. Kwa hiyo hakusema wala moja. Alisimama na magoti yake mabovu, akakivaa kile kikwembe yeye mwenyewe, mwanawe akabaki na heshima yake mbele ya watu, na mama yangu akarudi nyumbani na watoto wake.