Nyumba Tuliyomjengea Jirani Itaka

Mwezi uliopita hapa Tunduma, nyuma ya foleni ya malori, nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya godoro lake kando ya barabara, watoto watatu pembeni, sufuria zimetupwa matopeni. Mwenye nyumba alikuwa amepata mpangaji mwingine. Watu walipita wakisema, "Pole, mama," na wengine wakampiga picha. Damu ilinichemka, ndugu yangu. Nikamkumbuka bibi yangu wa kijijini Itaka, kule Mbozi.

Nilikuwa darasa la tatu. Jirani yetu alifiwa na mumewe, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, shemeji yake akatia kufuli mlangoni. Eti nyumba ni ya ukoo, mjane arudi kwao Ileje. Yule mama akalala na watoto wake mapacha kwenye baraza ya kanisa, katika baridi ya Juni, ile ya Mbozi inayokata masikio.

Bibi alikuwa akipepeta maharage. Aliposikia, aliacha ungo palepale, akaenda kwa yule shemeji, mimi nyuma yake.

"Juzi ulishika Biblia kaburini," alimwambia yule bwana. "Leo umeshika kufuli. Huoni haya?"

"Mama, haya ni mambo ya ukoo."

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema tusubiri kikao, watu wamalize kwanza kuchuma kahawa. Bibi akamuuliza kama na baridi nayo ameiambia isubiri.

Kesho yake bibi aling'oa mibuni kwenye kona ya shamba lake ili mjane apate kiwanja, mibuni aliyoipanda babu. Baba zangu wadogo walinuna mpaka Krismasi. Hakujali. Alimganda mwenyekiti hadi akaandika karatasi kwamba kiwanja kile ni cha mjane, mashahidi wakatia saini.

Wanawake walikanyaga udongo wakiimba. Sisi watoto tulichota maji mtoni kabla ya shule, ndoo zikitulowesha migongo. Mwalimu wetu alikuja jioni kufyatua matofali, suruali ameikunja magotini. Bado naisikia harufu ya lile tanuru, na utamu wa viazi tulivyovifukia kwenye majivu yake. Aliyekuja mikono mitupu kutoa rambirambi, bibi alimkabidhi jembe: "Nyumba haijengwi kwa pole."

Mvua za kwanza zilimkuta mjane ndani, bati juu. Anaishi humo mpaka leo, na hakuna aliyethubutu kumsogeza.

Yule mama wa Tunduma naye amepata vyumba viwili kule Mlowo, kwa mkataba wa maandishi. Mimi na wenzangu watatu wa kwaya tulizunguka wiki nzima kumtafutia. Kilichoniuma si kuchoka. Kila mlango tuliogonga tuliulizwa swali lilelile: "Kwani huyu ni ndugu yenu?"

Siku zote zile tulipokuwa tukikanyaga udongo Itaka, sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza hivyo.