Pembetatu za Bwawa la Eldas

Mvua za Gu, zile za masika, zilikuwa zimekaribia, na kompyuta yetu pale Garissa ilikuwa haijamaliza hesabu hata mara moja. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mhandisi wa maji, mgeni kazini. Tulitaka kujua maji ya mvua yangepita wapi huko Eldas, ili trekta lijenge ukuta wa bwawa la mifugo mahali panapofaa. Nilikuwa nimeichora ardhi hiyo kwenye kompyuta kama wavu wa maelfu ya pembetatu, na kila pembetatu ilidai hesabu yake. Jenereta ya ofisi ilizimwa saa nane mchana. Kila siku saa nane ilitukuta nusu ya njia, na kesho yake tunaanza upya.

Sikuweza kutulia. Nilikwenda mlangoni, nikarudi kwenye skrini, nikatoka tena. Mpima ardhi wetu, mtu wa Wajir aliyeipima ardhi ile kwa miguu, alichoka kunitazama.

“Abaayo, dada yangu, keti. Unanizungusha kichwa.”

“Siku zinakwisha.”

“Basi punguza. Ile ardhi iko sawa kama meza. Pembetatu zote hizo ni za nini?”

Nikapunguza. Palipokuwa na pembetatu ishirini zilizolala sawasawa, niliacha mbili kubwa. Kesho yake hesabu ilikwisha kabla ya saa sita. Nikamwita kwa furaha. Aliinamia skrini, akaifuata ardhi kwa kidole.

“Laga iko wapi?”

Laga ni mkondo unaopata maji siku za mvua tu. Ule wa Eldas ulikuwa mwembamba, nami nilikuwa nimeufuta pamoja na tambarare.

“Sasa umeweka bwawa mahali maji haiendi,” alisema.

Niliona aibu. Akafungua daftari lake la vipimo, akanisomea kona moja moja ya laga, nami nikarudisha pembetatu ndogo hapo tu. Kwingine tuliacha kubwa. Safari hii hesabu ilikwisha dakika chache kabla ya saa nane. Maji yalifuata laga na kugeukia mashariki, mbali na ukuta wangu. Tukasogeza alama ya ukuta, trekta likaondoka Alhamisi.

Mvua ziliponyesha, tuliambiwa kwa redio ya ofisi kwamba bwawa limeshika maji na ngamia wanakunywa.

“Alhamdulillahi,” mpima alisema, akaendelea na chai yake.

Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikitafuta ramani ya Diff, mahali pa bwawa lililofuata.