Kamba ya Gari la Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Matongo kumzika shangazi yangu, wa mwisho katika kizazi cha baba. Mjukuu wangu ndiye aliyeendesha. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na kabla ya kufika Kewanja tukakuta pikapu imetumbukia mtaroni, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, dereva amesimama kando na simu sikioni, tope limempanda mpaka magotini. Magari mawili yaliyotutangulia yalimpita. Na sisi tukampita. Nikamwambia mjukuu wangu asimame.

"Bibi, ana simu yule, wenzake watakuja."

Nikamwuliza kama humu ndani ana kamba. Akacheka kwa heshima, kama wanavyowacheka wazee. "Kamba ya nini, Bibi? Kwani tumebeba ng'ombe?"

 Mtu wa umri wangu akinyamaza garini, watu hudhani amesinzia. Sikusinzia, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, nina umri wa miaka tisa, na njia yote iliyobaki nilinusa petroli na katani.

Baba alijifunza udereva vitani. Aliporudi akauza ng'ombe wengi wa zizi lake, akaondoka kwa miguu, akarudi baada ya wiki mbili akiendesha pikapu ya kijani iliyokuwa imechoka kabla hata haijatufikia. Watu walimwona amerukwa na akili. Kwetu mali ni ng'ombe, na wewe unabadilisha mali kwa bati? Bibi yangu, mama yake baba, aliipokea kama fahali mgeni: akaipaka siagi kwenye boneti, akayapulizia magurudumu pombe ya mtama kwa kinywa chake, kisha akarudi nyuma kuitazama. Akasema kwa Kikurya kwamba gari nguvu linazo, lakini halizai. Tangu siku hiyo, kila gari lilipoharibika, mtu mmoja nyumbani lazima angekumbusha kwamba gari halizai, na baba angecheka peke yake huku kichwa kiko chini ya boneti.

Wakati ule Waafrika wenye magari yao wenyewe, tangu Tarime mpaka ng'ambo ya Mto Mara kule kwa Waikoma, walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja aliijua sauti ya injini ya mwenzake. Mama alikuwa akilisikia gari la mnunuzi wa ngozi likikohoa nyuma ya kilima, anaongeza viazi vitamu chunguni. Walikuwa na desturi zao, na walizishika kuliko hata za kanisani. Hupiti mlangoni kwa mwenye gari mwenzako bila kupiga honi mara mbili. Na honi ikilia, nyumba lazima iitikie. Kwetu aliyeitikia ni mama. Popote alipokuwa, kwenye jiwe la kusagia au shambani, alitoka akapiga kigelegele kimoja kirefu, na dereva akapunga mkono bila kusimama. Honi ya gari na sauti ya mama, ndivyo nilivyojua kwamba dunia ni salama.

Desturi kubwa kuliko zote ilikuwa kamba. Mwenye gari mpya hakununua kamba yake, aliletewa na wenzake. Siku walipomletea baba, mama alisonga ugali wa mtama, akachinjwa mbuzi, kibuyu cha maziwa ya mgando kikazunguka. Mwenye duka wa Bomani, pale Tarime mjini, ambaye ndiye aliyetangulia wote kumiliki gari, akasimama na kamba ya katani mpya, nene kama kifundo cha mkono wangu, akamkabidhi baba mbele za watu. Bibi akauliza ya nini. Mwenye duka akamwambia, "Mama, ng'ombe akikwama si mnamvuta mkia? Huu ndio mkia wa gari." Watu wakaangua kicheko, na bibi naye akacheka mpaka akajifuta macho.

Kamba hiyo ilitundikwa kwenye ndoana nyuma ya kiti cha dereva. Haikufunga ng'ombe, haikufunga paa, haikufunga kuni. Kila alfajiri, kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia injini, baba aliingiza mkono nyuma ya kiti akaigusa. Walikuwa na msemo wao: kamba ni ya mwenye gari. Maana yake, mtu mwingine haigusi, na ikipotea, mtu mwingine haulizwi.

Usione ni mchezo. Udongo wetu wa mbugani ni mweusi, na ukinywa maji hukamata gurudumu usiliachie. Mara mbili niliona kwa macho yangu baba akikwama. Alifunga kamba kwenye mti, ncha ya pili akaizungusha kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, akatia gia, na gari likajivuta lenyewe polepole likinguruma mpaka pakavu. Mtu mwenye kamba na mti hakuhitaji mwingine.

Sasa nikwambie nilichofanya.

Ilikuwa masika, na mama alikuwa mjamzito wa miezi tisa. Kazi yangu ilikuwa kuni. Kamba yangu ya kuni ilikuwa imetafunwa na ndama, na wenzangu walinitania kwamba mtoto wa mwenye gari anafunga mzigo kwa maganda ya miti. Nilikuwa na kiburi, sitaki kukuficha. Baba alikuwa amelala mchana. Nikafungua mlango wa gari, nikaitoa kamba kwenye ndoana. Porini wasichana wote waliishika, wakainusa, na mimi nikaufunga mzigo wangu kwa fundo la dereva ambalo baba mwenyewe alinifundisha. Mzigo ulionekana kichekesho, kamba ilikuwa kubwa kuliko kuni zenyewe, lakini nilitembea nao kichwani nikijiona bibi harusi. Tulipokaribia nyumbani mvua ikaanza. Nikautupa mzigo nyuma ya jiko, nikakimbilia ndani kulikokuwa na mahindi ya kuchoma, nikasahau. Ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile ile mama akashikwa na uchungu. Kulipokucha bibi alitoka nje, mikono yake ameiinua kama hajui pa kuiweka, akamwambia baba, "Mtoto amelala vibaya. Hii si kazi yangu. Mpeleke hospitali." Baba akatandika godoro nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu yake. Bibi akapanda, nami nikapandishwa nishike kichwa cha mama. Baba akazungusha hendeli, akaruka kitini, tukaondoka. Asubuhi hiyo hakuigusa kamba.

Tulikwama mbugani, pale njia inaposhuka kabla ya kupanda kwenda Tarime. Gari lilizama mpaka ekseli. Hatua chache mbele yetu palikuwa na mgunga mmoja mnene, umesimama kana kwamba uliwekwa kwa ajili yetu. Baba aliuona, nikasikia akishusha pumzi. Akaingiza mkono nyuma ya kiti. Akauingiza tena. Kisha akaja nyuma, akafunua turubai, uso wake umebadilika.

"Kamba iko wapi? Nani ameiona kamba yangu?"

Bibi akasema hajui. Mama hakuweza kusema. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mama kwa mikono miwili, na wakati huo huo nikauona ule mzigo wa kuni nyuma ya jiko, waziwazi, na fundo lake. Kijana mwenye mbio angefika nyumbani na kurudi kabla jua halijafika utosini. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Wanaume wa boma la karibu walikuja kusukuma. Walisukuma, wakakata matawi wakayatia chini ya magurudumu, wakasukuma tena, na gari likazidi kuzama. Walijaribu kamba zao za ngozi za kufungia ng'ombe, zikakatika moja baada ya nyingine. Baba akamwita kijana mmoja. "Mura, kimbia Bomani, mwambie mwenye duka nimekwama na mke wangu." Bomani ilikuwa mbali kuliko nyumbani. Nilimtazama yule kijana akikimbia upande usio na kamba, mpaka akawa mdogo, mpaka sikumwona tena. Bado sikusema.

Mama alijifungua chini ya turubai, mvua ikigonga juu yetu. Mtoto hakulia. Damu haikukoma, na bibi akawa anazungumza na Mungu kwa sauti ya kugomba. Alasiri tukasikia honi mbali, mara mbili. Midomo ya mama ikatikisika. Naamini alitaka kuitikia. Mwenye duka alipofika na kamba yake alitutoa pale kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, lakini mama alikuwa ameshakwenda, na gari lilipopata pakavu lilielekezwa nyumbani.

Niliposhuka nilikimbilia nyuma ya jiko. Nilikuta baba amenitangulia, sijui alijuaje. Amechuchumaa mbele ya mzigo wangu, nguo zake zina damu, anafungua lile fundo taratibu, kama anayefundisha. Hakugeuka. Nilirudi nyuma kimya, na kesho yake kamba ilikuwa kwenye ndoana.

Baada ya matanga wenye magari walikuja wote, wakaketi uani. Waliomboleza kwa dhati. Kisha mwenye duka akauliza, kwa kuwa desturi ilimtaka aulize, "Mwenzetu, kamba ilikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Baba akasema, "Niliisahau nyumbani."

Hawakumtoza kitu. Walisema tu kwamba mtu aliyesafiri bila kamba hapigiwi honi mlangoni kwake mpaka masika mengine. Akikwama watamvuta, wakikutana watampa mkono, lakini honi hapana. Baba akaitikia kwa kichwa.

Mwaka ule magari yalipita kwetu yakipunguza mwendo, unasikia gia zikibadilishwa, halafu yanapita. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa akiuliza, "Ni nani hao wanaopita kama wezi?"  Baba alisimama zizini, mkono umeinuka nusu, kisha akaurudisha mfukoni. Mimi nilisugua sufuria kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, nikaona ni haki yangu.

Masika yakaja, na mwenye duka akapita akapiga honi mara mbili.  Hakuna aliyetoka, maana mwenye kutoka alikuwa mama. Bibi akanisukuma. Nilikwenda mpaka barabarani, nikainua mkono, na sauti ikakataa kutoka.

Nikiwa mama wa watoto wanne, baba akawa mgonjwa wa kufa. Nilikaa kitandani kwake, nikaanza, "Tata, ile kamba ya masika yale..." Akanitazama, akasema, "Kamba ni ya mwenye gari." Akageukia ukutani. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinikataza.

Sasa wale wote wamekwisha, na honi yao haipo. Njia ile ina magari mengi kuliko ng'ombe, yanapitana kama watu waliokosana, na honi ni ya kumtukana aliye mbele yako. Aliyekwama ana simu. Labda ni bora hivyo. Simu ingemwokoa mama, nami silii kwa ajili ya kamba ya katani.

Tulipokuwa tukirudi kutoka mazikoni, pale mtaroni pikapu haikuwepo, zimebaki alama za magurudumu zimejaa maji. Hapo ndipo nilipomweleza mjukuu wangu haya yote. Yeye alikuwa wa kwanza, wewe ni wa pili. Alipunguza mwendo, kisha akaniuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Bibi, kwa nini hukusema?"

Nikamwambia ukweli. Niliogopa baba atanichapa. Na baba yangu, mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kunichapa hata mara moja.