Mapacha wa Masijala

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Masijala anafungua dirisha la chumba cha majalada, anapiga chafya mbili tatu, kisha anayasalimu mafaili yake. "Mmelalaje, wazee?" Anacheka peke yake.

Tangu usichana wake anatunza humu kumbukumbu za watumishi wa serikali. Zamani, anasema, jengo lilichangamka: mihuri ikigongwa, tarishi akipita na toroli la majalada huku akipiga mluzi. Tarishi huyo ndiye aliyekuja kumuoa. Sasa ni marehemu.

"Nilikuwa nikimsikia tangu ngazini. Najifanya nina kazi nyingi, kumbe moyo uko mlangoni," anasema. Amemkumbuka mno, wala hafichi.

Leo hana raha. Majalada yameingizwa kwenye kompyuta, na karatasi zitateketezwa wiki ijayo. Jana alikuja muuguzi kutaka uthibitisho wa utumishi wake ili aajiriwe hospitali nyingine. Kompyuta ikasema amefariki.

"Nimekufa lini? Mbona hamkunialika mazishini?" aliuliza. Watu wakaangua kicheko. Mwenyewe akaishia kulia.

Kosa lilianzia humu humu. Wauguzi wawili, mmoja wao sasa marehemu, walifanana majina mpaka la babu. Tarishi, akihofia majalada yao yatachanganywa, aliyafunga pamoja kwa kamba moja ili anayechukua moja aone kuna la pili, na masijala nzima ikayaita mapacha. Waliokuja kupiga picha karatasi ili ziingizwe kwenye kompyuta wakadhani ni mtu mmoja.

Mama Masijala anaketi na fundi wa kompyuta, majalada yale mawili katikati yao. Fundo ni la mume wake. Analishika kwa muda kabla ya kulifungua.

"Karatasi hii ya nani, mama?"

"Ya yule muuguzi marehemu, mwanangu. Yule alikuwa wodi ya wazazi. Huyu wetu hajawahi kufanya kazi nje ya chumba cha upasuaji."

Karatasi moja baada ya nyingine, wanawatenganisha. Kufikia adhuhuri kompyuta inakubali: muuguzi yu hai. Anapigiwa simu, na vigelegele vyake vinasikika hadi mlangoni.

Mama Masijala anastaafu mwezi ujao. Alipanga kuchukua likizo yake mapema akapumzike na wajukuu, lakini amebadili nia. Amemwomba mkuu wake aahirishe siku ya kuteketeza karatasi, na bado anasubiri jibu.

"Mapacha wengine wapo," anasema, akiangalia rafu za juu. "Marehemu wangu aliwafunga kwa nia njema. Lakini siendi nyumbani nikaacha mtu aliye hai amefungwa kamba moja na maiti."