Bingwa wa Idara ya Nyuzi

Miaka ile mitumba ilipojaa sokoni hadi khanga zetu zikaanza kulala stoo, mimi nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha nguo Mwanza. Bingwa wetu wa mpira wa meza, ambaye mkoa mzima ulikuwa haujampata mwanamke wa kumshinda, alifanya kazi idara ya nyuzi. Alikuwa mama mnene kidogo, mpole, anayecheza na khanga kiunoni.

Hakuwa mtu wa kupiga kwa nguvu. Alisimama hatua tatu nyuma ya meza, akaukata mpira kwa chini, ukarudi ukielea taratibu. Ukiugusa tu, unazama wavuni. Siku moja nilimuuliza anajuaje mpira utakwenda wapi.

"Uzi ukikaribia kukatika, hutetemeka," akaniambia. "Na bega lako hivyohivyo."

Jumamosi moja alikuja kijana wa benki kutoka Nyamagana, na kibao kipya cha ng'ambo chenye sponji nene. Alikuwa amewapiga wanaume wetu wote. "Mambo vipi, mama?" akamsalimu. Seti ya kwanza akaichukua, ishirini na moja kwa kumi na nne.

Seti ya pili mama alirudi nyuma hadi mgongo ukakaribia ukuta. Kijana akapiga, ukarudi. Akapiga tena, ukarudi. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa. Mwishowe kijana akaudaka mpira kwa mkono, akainama akihema.

"Unanichosha, mama."

"Pumzika, mwanangu. Nakusubiri."

Mama alishinda seti hiyo na ya tatu. Kijana akazunguka meza, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba."

Haikupita miezi mingi, jina la mama likaonekana kwenye orodha ya waliopunguzwa kazini. Ukumbi tuliochezea ukageuzwa ghala la marobota ya khanga. Akarudi kwao Usagara, nami nikaogopa kwamba mchezo ule umekwisha.

Nilipokwenda kumtembelea, nilielekezwa shule ya msingi. Nikamkuta uani anawafundisha walimu wa kike, madawati mawili yameunganishwa, matofali yakiwa wavu. Alinikaribisha bila kuondoa macho kwenye bega la mwalimu aliyekuwa mbele yake. Mpira ukaja kwa kasi, akaukata, ukaelea juu ya matofali. Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi hadi gari la kurudi mjini likanipita.