Matanga Yangu ya Buffalo

Walisema sitaweza. Nikiwa Kigoma walisema sitapata viza, nikapata. Nilipofika Louisville, Kentaki, walisema stashahada yangu ya umeme itaishia kubeba maboksi. Niliyabeba kweli, lakini nilisoma huku nikibeba, nikapata leseni ya ufundi umeme, nami nikawa natengeneza nyumba za watu. Kwa hiyo niliposema nakwenda Buffalo kuandaa mashua ya tanga, ili majira ya baridi nisafiri nayo kusini, walicheka mpaka wakashika magari yao wasianguke. Leo nimerudi nyumbani Kigoma, na ninaandika ili ijulikane nilivyofanya.

Louisville. Mashua yenyewe nilipewa na mzee mmoja Mmarekani niliyembadilishia nyaya za nyumba nzima. Magoti yalikuwa yamemshinda, na mashua ilikuwa imelala miaka juu ya trela lake katika yadi moja ya Buffalo, kando ya Ziwa Erie. Yadi hiyo ilikuwa imeuzwa. Chombo chochote kitakachokutwa humo baada ya Jumamosi ya mwisho ya Novemba kingekatwakatwa na kutupwa. Nilimwajiri dereva mwenye lori aje siku hiyo kuivuta hadi Louisville. Hapo ningeishusha katika Mto Ohio na kufuata maji hadi Ghuba ya Meksiko, mahali ambapo Januari watu huvaa kaptula.

Baba Riziki, Mkongo wa Bukavu niliyefanya naye kazi ghalani, alinikuta kwenye maegesho ya kanisa nikiwa na mabegi yangu.

"Diploma," aliniita, maana hilo ndilo jina langu mtaani Beechmont, wala sikuwahi kulikataa, "boti ya kusukumwa na upepo? Ile ni mambo ya bazungu. Baridi ya kule itakurudisha mbio."

"Nitakutumia picha," nikamjibu.

Columbus. Nilivunja safari kwa usiku mmoja kwa Dada Pili, Mtanzania mwenzangu anayefanya utafiti chuoni na kupanga chumba jirani na hapo. Alinipikia wali na maharage, akala huku anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake.

"Kaka, huko unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukiugua?"

"Mimi siugui, dada."

Akarudi kwenye karatasi zake.

Buffalo. Nilipanga chumba Amherst, nje ya mji, kwa mwenye nyumba ambaye sikumwona. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku mlangoni. Kila asubuhi nilipanda basi hadi yadini. Niliondoa turubai, nikakuta panya wamezaa kwenye godoro. Nilitoa nyaya zote zilizooza na kuweka mpya, na hapo niseme wazi, hakuna fundi wa Buffalo ambaye angezipanga vizuri zaidi. Taa ya mlingoti ilipowaka nilipiga makofi. Makofi yakagonga ukuta wa bati na kunirudia. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Umeona?"

Baada ya hapo nilipaka grisi magurudumu ya trela, nikalaza mlingoti juu ya sitaha na kuufunga kamba, nikayatoa matanga kwenye mifuko yake. Yalijaza sakafu nzima ya banda. Mishono ilikuwa imeachia, nikawa nashona nimepiga magoti, vidole vimekufa ganzi. Theluji ilishuka kutoka ziwani bila kukatika. Siku nyingine jua lilizama sijasema neno hata moja, na nilipomwambia dereva wa basi asante, sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Alhamisi ya sikukuu ya Shukrani, Wamarekani wanapokula bata mzinga na jamaa zao, yadi ilikuwa tupu. Nilikula maharage ya kopo ndani ya mashua. Kwenye kundi letu la simu la Beechmont mtu akauliza mbona sionekani. Nilikuwa nimekwisha kuwatumia ramani ya yadi, ili wasioamini waamini. Nikaandika: "Bado niko Buffalo kwa ajili ya matanga. Ni makubwa kuliko nilivyotarajia, na niko peke yangu." Nikaweka simu mfukoni, nikarudi kwenye sindano.

Ijumaa jioni dereva wa lori alinipigia. Gari lake limeharibika, haji. Nilipiga kila namba niliyoipata. Ilikuwa sikukuu, wenye malori walikuwa makwao. Msimamizi wa yadi alisema anasikitika, lakini Jumamosi mchana geti linafungwa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nikiitazama mashua iliyo tayari kwa kila kitu isipokuwa kuondoka. Nikasikia magari. Pikapu ya Baba Riziki iliingia, nyuma yake gari la kanisa limejaa watu, viti vya plastiki vimefungwa juu. Mama Neema, kiongozi wa akina mama, alishuka wa kwanza, kitenge kichwani, analia. Alinikumbatia.

"Pole, kaka yetu. Pole. Sasa hauko peke yako."

Tangu nifike Buffalo hakuna aliyekuwa amenigusa. Machozi yalinitoka kabla sijaelewa nalia nini.

"Donc, nani alikufa?" Baba Riziki aliuliza kwa upole, kofia mkononi.

"Hakuna aliyekufa."

"Na matanga ni ya nani?"

"Ya mashua."

Kwake chombo kile ni boti tu; akamgeukia mkewe. "Mashua ni nani? Ni ndugu yake?"

Nikawaonyesha. Niliinua kitambaa nilichokuwa nakishona, nikaeleza kwamba kwetu hili ni tanga, yakiwa mawili ni matanga, wala si msiba. Walikitazama kitambaa. Nyuma, mtu mmoja aliacha kulia kwa mkato, kama redio iliyozimwa.

"Usiku muzima kwa barabara!" Baba Riziki alifoka. "Tumebeba muchele, tumebeba bulangeti, yote ile juu ya nguo tu?"

Nyuma ya pikapu yake niliona chuma cha kuvutia trela. Kila nilicho nacho maishani nilikuwa nimekipata bila kumwomba mtu, na hilo ndilo nililojivunia kuliko stashahada. Msimamizi alikuwa anasogea na kufuli.

"Baba Riziki," nikasema, "nakuomba. Nivutie mashua. Wakiikata, sina kitu."

Alirudisha kofia kichwani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Bon. Umeniita kwa matanga, sasa unataka nikubebee maiti."

Mama Neema ndiye aliyecheka wa kwanza mpaka akakaa kwenye theluji. Wanaume walisukuma, akina mama wakakunja matanga kama wanavyokunja shuka, kona kwa kona. Tulitoka getini msimamizi akiwa ameshika kufuli mkononi.

Columbus tena. Tulisimama kula. Dada Pili alitoka akaona msafara, mashua imefunikwa turubai, watu wamevaa vitenge.

"Nani jamani?" akauliza kwa hofu.

"Mashua," Baba Riziki akamjibu. "Alikuwa ndugu yetu."

Louisville. Kabla ya kushusha mashua mtoni nilizunguka Beechmont nikirudisha kila kilicholetwa Buffalo: mchele kwa wenye mchele, sukari, masufuria, viti. Kwa Baba Riziki nilijaza tangi la mafuta na kumtengenezea taa za ua mzima. Niliwalipa wote siku moja, na ninaandika hivyo kwa fahari. Njiani hapo nilijifunza jambo ambalo chuoni hawakunifundisha: mtu akija kulia nawe, mlango wake unakuwa wako pia. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Neema, nami nilibeba blanketi lake, nimelifua na kulikunja.

Hakunyoosha mkono.

"Hiyo usirudishe," alisema. "Ukirudisha yote, nani atakuwa na sababu ya kukuulizia?"